Kabla sijakutumia baiskeli ya umeme, tuzungumze kuhusu betri

Ndugu zangu wa Busia, Tororo, Mbale, Jinja, Kampala, na ninyi wa Arua msiochoka kuniandikia, habari zenu. Wazee wangu, heshima zenu.

Tangu niweke ile video ya njia za baiskeli za hapa Utrecht, Uholanzi, maswali yamekuwa mengi lakini yote yanaelekea mahali pamoja: hii baiskeli ya umeme inatufaa au haitufai? Kaka mmoja wa steji ya boda anataka nimkusanyie kumi zilizotumika, ziingie kwenye kontena mpaka Mombasa, zivuke mpaka wa Malaba, azikodishe. Mama mmoja wa sokoni anauliza kama inaweza kubeba magunia mawili ya mahindi. Na wako waliokasirika kabisa, wanasema mtu mwenye miguu mizima hana haja ya mota, na kwamba hizi ni takataka za Ulaya zinazotafutiwa mahali pa kutupwa. Nimesoma zote. Wanaosema takataka wana hoja nzito kuliko wanavyodhani, na anayetaka kumi naye hajakosea kuota. Ila mnabishana juu ya mota, na mota haina neno. Mambo yote yako kwenye betri.

Ngoja nigeuze kamera muione vizuri. Hii ndiyo ninayoendea kazini, kwa wale wazee ninaowahudumia majumbani mwao. Fremu, pedali, cheni, yote ni yale yale mnayoyajua kwenye baiskeli za Roadmaster. Hapa katikati ya gurudumu la nyuma ndipo mota ilipo. Ukikanyaga, kuna kihisio kwenye pedali kinachoiambia mota isukume. Ukiacha kukanyaga, nayo inaacha. Sheria ya Umoja wa Ulaya inataka mota isizidi wati 250, na ukifika kilomita 25 kwa saa ikome kusaidia, zaidi ya hapo utumie miguu yako. Ikiwa ndani ya mipaka hiyo inahesabiwa kuwa baiskeli: haidaiwi leseni wala nambari ya usajili. Zile zinazofika 45 kwa saa ni habari nyingine, hapa Uholanzi zimewekwa kundi moja na pikipiki ndogo, zina nambari, zina bima, na helmeti ni lazima.

Kwa hiyo anayesema inamfanya mtu mvivu hajaipanda. Unakanyaga kweli, na jasho linatoka. Nchi hii ni tambarare lakini upepo wa mbele hapa ni kazi kama kupanda mlima wa Kololo, na mota inakuondolea ile sehemu inayowafanya watu wakate tamaa. Kwa miaka kadhaa sasa karibu nusu au zaidi ya baiskeli mpya zinazouzwa Uholanzi ni za umeme. Bibi wa miaka 75 anaenda nayo sokoni na kurudi. Mtu wa umri huo kwetu anasubiri mjukuu apate nafasi ya kumbeba.

Sasa tuje nyumbani. Usafiri wa umeme ukitajwa Uganda, nasikia pikipiki tu: Zembo, GOGO, Spiro, na mabasi ya Kiira. Ni kazi kubwa, nawapongeza. Lakini baiskeli imesahaulika, wakati baiskeli ndiyo iliyoanzisha boda. Wazee wa Busia wanajua, miaka ya 1960 vijana walikuwa wakibeba watu na mizigo kwa baiskeli kutoka kituo cha mpaka cha upande mmoja hadi cha upande wa pili. Na mpaka leo, nenda barabara yoyote ya kuingia mjini alfajiri, utaona baiskeli imefunikwa na mikungu ya matoke hata humwoni mwenyewe. Wengi hawapandi, wanasukuma, kwa sababu mlima na mzigo vimewashinda. Huyo ndiye ninayemfikiria mimi. Namfikiria pia mhudumu wa afya wa kijiji anayezunguka kwa miguu, na mchuuzi wa maziwa. Jinja liko shirika la FABIO, ambalo limefanya kazi za baiskeli kwa miaka mingi, na limekuwa likisukuma baiskeli ya umeme iitwayo AfricroozE, iliyobuniwa kwa barabara za kwetu. Kwa hiyo msiniambie ni mchezo wa wazungu.

Na umeme wetu mwingi ni wa maji: Bujagali, Isimba, na Karuma ya megawati 600 iliyozinduliwa Septemba 2024. Petroli yetu inakuja kwa malori. Januari 2022 madereva wa malori walipogoma mpakani kwa sababu ya vipimo vya korona, kuna mahali lita moja ilifika shilingi 10,000 za Uganda. Aliyekuwa steji wiki zile hajasahau.

Haya, chukueni kalamu, kwa sababu hapa ndipo ninapotaka mnisikilize sana.

Betri ya kawaida ya baiskeli ni ya wati-saa 500, yaani nusu yuniti ya Yaka, ule umeme wetu wa kulipia kabla. Tuseme yuniti ni shilingi 800. Ukiongeza umeme unaopotea kwenye chaja, kuijaza ni kama shilingi 450. Ukikanyaga bila kutegea, inakupeleka kilomita 50 hivi, ukiwa na mzigo na milima ni pungufu. Pikipiki ya Boxer kwa kilomita hizo 50 inakula kama lita moja, tuseme shilingi 5,000. Hapo kila mtu anapiga makofi, na wanaouza wanaishia hapo.

Lakini betri inazeeka. Nyingi, ukishazijaza mpaka juu kati ya mara 500 na 1,000, nguvu yake inakuwa imeshuka sana. Mpya hapa inaweza kukutoa euro 500, ambazo ni kama shilingi milioni mbili. Sasa zidisha: mara 500 za kujaza, kila mara kilomita 50, ni kilomita 25,000. Gawanya milioni mbili kwa hizo kilomita, unapata shilingi 80 kila kilomita. Kwa safari yetu ya kilomita 50 ni shilingi 4,000 za betri juu ya zile 450 za umeme. Faida yote tuliyoipigia makofi imebaki shilingi 550! Betri ikidumu mara 1,000, zile 4,000 zinakuwa 2,000, na hapo ndipo pesa ya karo inaanza kuonekana. Boxer nayo ina oili na matengenezo yake, najua, lakini baiskeli nayo haibebi abiria kwa mwendo wa Boxer. Kwa hiyo ukiulizwa kama inalipa, usijibu kwa bei ya umeme. Uliza betri itadumu muda gani, na ikichoka nani ataifungua.

Kampuni za pikipiki za Kampala zililiona hili mapema, zikaamua betri isiwe yako. Unafika kituoni, unaacha iliyoisha, unachukua iliyojaa, unalipa, umeondoka. Kuzeeka kwa betri kunabaki kuwa hasara ya kampuni. Ni mpango wenye akili na siwezi kuubeza. Ubaya wake ni kwamba maisha yako yanakuwa ndani ya ramani ya kampuni hiyo. Ukiwa kijijini Namayingo na kituo hakipo, una chuma tu. Wakipandisha bei ya kubadilishia, huna pa kwenda. Kigali, tangu Januari 2025, pikipiki mpya za petroli hazisajiliwi tena kwa kazi ya kubeba abiria. Kampala ikija kufanya hivyo siku moja, swali la betri ni ya nani litaamua nyumba ngapi zinakula.

Msidhani ni shida ya Afrika. Julai 2023, VanMoof, kampuni ya Amsterdam iliyokuwa maarufu sana, ilifilisika. Baiskeli zake zilikuwa nzuri na ghali, spea zake ni zake peke yake, na mambo mengi yanategemea programu ya simu. Wenye nazo walibaki wakiuliza spea watazipata wapi na kama programu itazimwa. Baadaye kampuni ilinunuliwa, watu wakapumua. Fikiria ungekuwa Kapchorwa na baiskeli hiyo.

Umoja wa Ulaya wenyewe umeamka. Sheria yake ya betri ya mwaka 2023 inadai kwamba kuanzia Februari 2027, betri za vyombo vidogo kama hivi, hata seli moja moja, vile vibetri vidogo vilivyo ndani yake, fundi huru aweze kuzitoa na kuzibadilisha. Natamani sana wabunge wetu na shirika la viwango, UNBS, wadai jambo hilo hilo kwa kila kinachoingia Uganda. Ndani ya hii pakiti ya betri kuna seli ndogo nyingi zilizounganishwa na saketi ya kuzilinda, basi. Vijana wanaofungua simu pale Kampala wana mikono ya kuiweza kazi hii, wakipewa mafunzo, mashine ya kuunganishia na seli halali.

Nasema halali kwa sababu moto wake si wa kuchezea. Mji wa New York, mwaka 2023, watu 18 walikufa kwa moto ulioanzia kwenye betri za lithiamu, na wengi wa walio hatarini ni wapeleka chakula wanaochaji ndani ya nyumba zao. Mji ukapiga marufuku kuuza zisizo na cheti cha usalama. Sasa wewe unakaa muzigo, chumba kimoja, mlango mmoja, watoto wamelala, na baiskeli unaichajia mlangoni kwa kuogopa wezi. Ikishika moto mtatokea wapi? Nakuomba, ndugu yangu, chaji mchana ukiwa macho, mbali na mlango, kwa chaja ya betri ile ile, na iliyovimba au kulowa maji usiiguse na umeme kabisa. Ikianza kutoa moshi, toeni watu nje kwanza.

Barabara sitasema sana, mnazijua kuliko mimi. Hizi ni nzito, kilo 25 hivi, na zinakimbia kuliko mwenye gari anavyotarajia kwa baiskeli. Hata hapa penye njia zake, mwaka 2017 walikufa waendesha baiskeli 206, wakazidi wa ndani ya magari waliokuwa 201, na kama robo yao walikuwa kwenye za umeme, wazee wakiwa wengi. Kampala, mamlaka ya jiji, KCCA, ilitengeneza njia ya wapita kwa miguu na baiskeli pale Namirembe Road na Luwum Street. Njia moja haitoshi mji mzima. Nataka nyingi zaidi, na nataka zisigeuzwe maegesho.

Sasa niwajibu mlioniuliza. Mama wa mahindi, gunia moja lina kama kilo 100, na baiskeli hizi nyingi zimetengenezwa kubeba kilo 120 hadi 150 pamoja na wewe mwenyewe. Magunia mawili hapana, mama yangu, fremu itakukatikia njiani. Tafuta ya mizigo yenye tela, na breki za nguvu.

Kaka wa steji, zilizotumika sitakununulia. Betri ya miaka sita kwa macho ni sawa na mpya, na mwenyeji wa hapa anaiuza kwa sababu inamwishia nusu ya njia. Uganda ilikataza kuingiza magari yaliyopita miaka 15 tangu 2018, lakini betri iliyochoka ikifika kwako hutapata hata pa kuitupa. Tukianza, tuanze na mbili mpya, mota iwe ya gurudumuni kwa sababu haili cheni na gia kama ile inayokaa katikati ya fremu, penye pedali, betri ifunguke kwa bisibisi ya kawaida, isidai programu ya simu ndipo iwake. Kabla ya hapo nitafutie fundi wa karibu nawe anayetengeneza betri za sola au za laptopu, nizungumze naye.

Video ijayo naenda kwa fundi wa hapa anayefungua pakiti na kupima seli moja moja. Amekubali nimrekodi. Mnachotaka nimuulize kiandikeni hapa chini, hasa ninyi mafundi.