Lipesi na asidi inayobaki

Ndugu wakamuaji, wanafunzi, na wazee wangu mliotoka Kongwa na Bahi, karibuni.

Kila aliyepita barabara ya Dodoma kwenda Singida ameyaona mafuta ya alizeti yamepangwa pembeni, yanang'aa juani kwenye chupa na madumu. Nawasihi, yatoeni juani! Asidi za mafuta tunazozizungumzia leo ndizo za kwanza kuharibiwa na mwanga, joto na hewa. Kazi yetu leo ni kuongeza kiasi cha asidi moja tunayoitaka ndani ya mafuta, na kwa kazi hiyo napendelea kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali: kinafanya kazi kwenye nyuzi 30 hadi 40 za Selsiasi, wakati ukenekaji, yaani kutenganisha kwa kugeuza kuwa mvuke, unadai joto kali hata hewa ikishanyonywa.

Mafuta ya mbegu, kwa sehemu kubwa, ni asidi za mafuta tatu zilizofungwa kwenye molekuli moja ndogo iitwayo gliseroli. Kimeng'enya kiitwacho lipesi huzifungua kwa msaada wa maji. Kongosho letu linakitoa kila tunapokula. Ila lipesi ya hamira ya Candida rugosa inachagua, na hapo ndipo penye utamu.

Chukueni asidi ya gama-linoleniki. Mwili huitengeneza kidogo kidogo kutokana na linoleiki, ile iliyojaa kwenye alizeti. Mmea wa boraji, wenye asili ya Mediterania, unayo tayari: zaidi ya asilimia 20 ya asidi za mafuta yake. Mnyororo wa kaboni wa asidi hiyo una kipindo kwenye kaboni ya 6, jirani kabisa na pale ulipofungwa kwenye gliseroli. Ukichomoa kuni kwenye mzigo, ulionyooka unatoka. Uliopinda karibu na kamba unakwama. Lipesi hii nayo inazifungua nyingine haraka, gama-linoleniki inabaki nyuma. Ukisimamisha kazi kwa wakati, ukaondoa asidi zilizofunguka, mafuta yanayobaki yanaweza kuwa na gama-linoleniki karibu mara mbili ya mwanzo. Ukichelewa, nayo itafunguliwa, faida yote ipotee. Wanafunzi, saa na kipimo cha asidi visitoke mikononi mwenu! Koroga bila kuchoka, maana lipesi hufanya kazi pale mafuta na maji yanapokutana, na chombo kijazwe naitrojeni kufukuza oksijeni.

Sasa, alizeti yetu? Niseme wazi: kimeng'enya hakiumbi asidi ambayo mbegu haina. Alizeti ya kawaida ina linoleiki nyingi, lakini omega-3, kundi jingine la asidi za mafuta, haifiki asilimia 1. Asije mtu akawauzia lipesi kwa ahadi ya kutoa omega-3 humo. Anayeitaka aanzie kwenye kitani, ambayo zaidi ya nusu ya mafuta yake ni asidi hiyo.

Mimi macho yangu yako kwenye mbuyu. Ubuyu tunaumung'unya, mbegu tunatema, na ndani yake kuna mafuta ambayo oleiki, asidi nyingine ya mafuta, na linoleiki, kila moja, inakaribia theluthi. Mwenye mashine aanze kwa kukamua kidogo bila kuchoma mbegu, ajaze chupa ya rangi nyeusi hadi juu, kisha apeleke maabara kupimwa asidi zilizomo kabla hajanunua hata gramu moja ya lipesi.