Wasifu wa LinkedIn kwa watu wa hoteli, jikoni na baharini: Malindi, leo ni zamu yenu

Assalamu alaikum, na habari zenu nyote mlioko Malindi, Watamu, Mambrui na Gede. Kaeni na daftari, maana leo tunaupanga wasifu wa LinkedIn, ule mtandao wa mambo ya kazi, sehemu kwa sehemu. Nasema hasa na nyinyi wa mapokezi, jikoni, utalii na baharini. Vijana wa kompyuta wana walimu wengi wa mambo haya. Mpishi wa Casuarina hana.

Kwanza mjue namna afisa wa kuajiri anavyofanya kazi. Hapiti akisoma mtu mmoja mmoja. Anaandika maneno kwenye kisanduku cha kutafuta: cheo, mji, jina la programu, jina la cheti. Mtandao unamletea wale walioandika maneno hayo. Nyumbani twasema chema chajiuza, lakini hapa chema kisichoandikwa kwa maneno ya mnunuzi hakifiki hata sokoni.

Kwa hivyo, kabla hujagusa wasifu, fungua matangazo 10 ya kazi unayoitaka na uandike kila neno linalojirudia. Ya mapokezi yatakutajia Opera, ile programu ya hoteli ya Oracle. Ya jikoni yatakutajia HACCP, utaratibu wa usalama wa chakula. Ya melini yatakutajia STCW, vyeti vya kimataifa vya mafunzo ya mabaharia, na ya wapiga mbizi yatataja ngazi za PADI, shirika la mafunzo ya kupiga mbizi. Ulicho nacho kiandike kwa herufi zile zile za tangazo, na kwa Kiingereza, kwa kuwa ndivyo kitakavyotafutwa. Usicho nacho kiache. Usaili mmoja tu utakuumbua.

Bado usianze kuandika. Ingia kwenye mipangilio, upande wa mwonekano, uzime ile sehemu inayowatangazia watu wako mabadiliko ya kazi. Ukiisahau, meneja wako anaweza kupata taarifa kabla hujamaliza kuandika.

Sasa mstari ulio chini ya jina. Una nafasi ya herufi 220, na wengi wanaujaza "Hustler" au "Natafuta kazi". Hakuna mwajiri anayetafuta maneno hayo. Cheo kitangulie, kisha ujuzi, kisha lugha: msimamizi wa mapokezi, Opera, Kiingereza na Kiitaliano. Cheo nakitanguliza kwa sababu kwenye simu mstari hukatwa, na kilichobaki nyuma hakionekani. Jina nalo lifanane na pasipoti. Ukiwa Mohamed kwenye cheti, Muhammad kwenye pasipoti na Captain Moha kwenye wasifu, anayekukagua atadhani ni watu watatu.

Picha haina mambo mengi. Iwe angalau pikseli 400 kwa 400, uso ujaze zaidi ya nusu ya fremu. Usipige saa saba mchana ufukweni, jua la utosini linatia vivuli machoni. Simama mlangoni, kivulini, ukitazama nje. Kofia na hijabu hazina tatizo lolote. Bega la mtu mwingine lililobaki baada ya kukata picha ya harusi, hilo ndilo tatizo.

Kazi ulizofanya ndipo watu wa Malindi tunapoumia, na sababu ni msimu. Hoteli inapunguza watu mvua za masika zikianza, inawarudisha watalii wakirudi. Mtu amefanya kazi hoteli moja misimu mitano, akaiandika mara tano, kila mara miezi minane. Anayesoma akiwa Dubai au Doha hajui habari za masika. Anaona mtu aliyeacha kazi mara tano. Iandike mara moja: mwaka ulioanza hadi mwaka uliomaliza, na kwenye aina ya ajira uchague ile ya msimu, ipo kwenye orodha. Kisha mstari wa kwanza wa maelezo useme wazi kwamba hoteli ilikuita tena misimu mitano mfululizo. Hapo kilichoonekana kasoro kimekuwa ushahidi kwamba wanakuamini, na hujasema uongo hata kidogo.

Jina la hoteli lichague kwenye orodha inayojitokeza unapoandika, ili nembo yake ije. Lakini angalia nchi! Majina ya hoteli za pwani yanafanana dunia nzima, na ukibonyeza kwa haraka utajikuta umefanya kazi Karibiani.

Kila kazi ina nafasi ya herufi 2,000, lakini mistari minne mitano yatosha. Weka hesabu. "Nilihusika na usafi wa vyumba" haisemi kitu. "Vyumba 14 kwa zamu, na kufundisha wahudumu wapya 3" inasema. Nahodha aandike urefu wa chombo, idadi ya abiria na aina ya safari. Mtembeza wageni mwenye daraja la KPSGA, chama cha waongoza safari Kenya, iwe shaba, fedha au dhahabu, aliandike daraja lenyewe pamoja na mwaka alioupata.

Lugha zina ngazi tano, na Kiitaliano ndicho kinachotuponza. Kiitaliano cha ufukweni, cha kuuza safari ya bahari, ni mali halisi, ila si ngazi ya kazi za ofisini. Chagua ngazi ya chini kwa ukweli. Ukitaka kupanda, kuna mitihani ya CILS ya Siena na CELI ya Perugia, na matokeo yake waajiri wa Italia wanayatambua.

Sehemu ya kujieleza ina herufi 2,600, ila mistari ya mwanzo tu ndiyo inayoonekana bila kubonyeza. Hapo usianze na "mimi ni mchapakazi". Anza na unachofanya, kwa miaka mingapi, na unachotaka sasa.

Pendekezo kutoka kwa mkubwa wako wa zamani lina uzito kuliko sifa zote ulizojiandikia, lakini mkumbushe jambo mahususi la kusema, la sivyo ataandika "kijana mzuri" na kuishia hapo. Lazima muwe mmeshaunganishwa, na halitaonekana mpaka wewe ulikubali.

Kuhusu ile fremu ya kijani inayosema unatafuta kazi: kama huna kazi, iweke bila haya. Kama unayo, chagua taarifa hiyo ionekane kwa maafisa wa kuajiri peke yao, bila fremu. Hata hivyo LinkedIn wenyewe hawatoi hakikisho kamili kwamba mwajiri wako hataiona, na Malindi ni mji mdogo. Pima.

Wasifu ukianza kuonekana, matapeli nao watauona. Anayetaka ada ya usaili kwa M-Pesa, mfute. Anayesema ni wakala wa kazi za nje, litafute jina lake kwenye orodha ya mawakala waliosajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira kabla hujamtumia nakala ya pasipoti. Wala namba ya kitambulisho na tarehe ya kuzaliwa havina kazi kwenye wasifu, viondoe.

Mwisho kabisa badilisha anwani ya wasifu, ile inayokuja na tarakimu nyingi nyuma ya jina. Weka jina lako na kazi yako, bila nafasi katikati, kisha uifungue kwenye dirisha la faragha la simu ya mtu mwingine bila kuingia kwenye akaunti. Soma kilichotokea. Mistari ambayo humo haionyeshi kazi yako ndiyo ya kurekebisha usiku wa leo, na ukikwama niandikie hapo chini ni sehemu gani.