Kuchoma felti ya kaboni kwa ajili ya seli ya bakteria

Haya wapendwa, karibuni. Leo tunaandaa anodi ya seli ya bakteria, yaani kama betri inayotoa umeme kwa kazi ya bakteria. Anodi ni upande ule ambao bakteria wanakula uchafu wa kikaboni na kuachia elektroni, yaani umeme wenyewe. Felti ya kaboni, kitambaa kinene cha nyuzi za kaboni, ndiyo hii. Anayetaka vipande vilivyokwisha katwa, ninauza, namba iko hapo chini.

Kata saizi yako, mkasi wowote. Ila barakoa vaa, usivute vumbi lake! Tena vumbi hili linapitisha umeme, likiingia kwenye kompyuta utalia. Ndiyo maana kamera nimeiweka kule mbali, mnivumilie na picha.

Loweka kwenye asetoni usiku kucha, itoe mafuta ya kiwandani. Kisha anika nje penye upepo mpaka ikauke. Nimesema ikauke! Juu inaonekana kavu, katikati bado imebeba asetoni, na asetoni ndani ya tanuri ni moto wa ghafla. Ukisikia harufu hata kidogo, rudisha nje.

Sasa tanuri la maabara: nyuzi joto 450, dakika 30, hewa ya kawaida. Jiko la mkaa hapana, huwezi kulidhibiti. Ukizidisha sana joto, kaboni yenyewe inaungua, inaondoka kama gesi, unabaki na kitu kinachomeguka... Subirini, picha imeingia ukungu. Haya, sasa mnaona. Kwa hiyo 450, tusibishane. Na iache ipoe humo humo. Imekauka lakini? Nauliza tena.

Hapa ndipo ninapopapenda. Dondosha maji. Kipande ambacho hakijachomwa, tone linasimama juu kama kwenye jani la gimbi. Kilichochomwa, tone limezama, hulioni. Bakteria wanaishi majini, pasipolowa hawajengi.

Waya uwe wa titani au wa chuma kisichoshika kutu. Shaba hapana: inalika, halafu ni sumu kwa hao hao unaowafuga.

Zika anodi kwenye tope la mto, kathodi, yaani upande wa pili wa seli, ibaki juu ipate oksijeni, katikati rizista (kipande cha kuzuia umeme) ya ohm 1,000. Mwanzoni mita ya volti itasoma kidogo mno. Usifukue! Wape wiki kadhaa wajishike.

Seli moja haifiki volti 1, kwa hiyo kuchaji simu sahau, iweke mfukoni. Kule Kisoro, Uganda, watafiti wa Bristol waliwasha taa za vyoo vya shule kwa mkojo, lakini waliunganisha seli nyingi.

Mita ikikuonyesha alama ya kutoa, usiniandikie kwamba seli imekufa. Badilisha tu waya mwekundu na mweusi.