Kuchagua amplifaya ya vali itakayohudumia hedifoni na spika

Mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kufika, na nawashukuru zaidi wale waliokuja na hedifoni zao kama nilivyoomba, kwa kuwa mazungumzo ya leo yataanzia kwenye hedifoni wala si kwenye amplifaya. Wengi huanza kinyume: huvutiwa na mwanga wa vali, yaani vile vichupa vya kioo vinavyowaka na kukuza sauti, hununua, kisha hutafuta cha kuchomeka. Kwa amplifaya inayotarajiwa pia kuwa priampu, yaani kutangulia amplifaya ya spika na kudhibiti sauti yake, utaratibu huo huleta hasara, kwa sababu kazi hizo mbili haziombi kitu kimoja.

Tuchukue vali iitwayo 6AS7G. Ilitengenezwa Marekani katika miaka ya 1940, si kwa ajili ya muziki, bali kwa kudhibiti volti ndani ya mitambo. Lakini kwa kuwa ukinzani wake wa ndani ni mdogo kuliko wa vali nyingi, takriban omu 280, mafundi waliona kwamba inaweza kuendesha hedifoni bila transfoma ya kutolea sauti, yaani ile inayolinganisha vali na hedifoni. Yenyewe na ndugu zake, kama 6080, ndizo zinazowaka katika amplifaya za aina hiyo, zikiwamo Crack ya Bottlehead na 336SE ya Darkvoice.

Tuseme amplifaya kama hiyo ina ukinzani wa omu 120 upande wa kutolea. Ukichomeka Sennheiser HD 600, yenye omu 300, zaidi ya thuluthi mbili ya volti hufika kwenye hedifoni. Tena, kwa kuwa ukinzani wa hedifoni hiyo hupanda hadi omu 500 na zaidi katika eneo la besi, besi huongezeka kwa takriban desibeli 1. Huo ndio unene ambao wengi huusifu na kuuita sauti ya vali, ingawa mimi naamini sehemu yake kubwa ni hesabu ya ukinzani tu. Sasa chomeka hedifoni ya omu 32: ni kama moja ya tano tu ya volti inayofika, na iliyosalia hupotelea ndani ya amplifaya. Mwenye hedifoni kama hiyo namshauri atafute amplifaya yenye transfoma ya kutolea, au ile inayochanganya vali na transista, mfano Lyr 3 ya Schiit, ambayo pia ina matundu ya priampu.

Upande wa priampu watu hudhani tatizo ni lilelile. Silo. Amplifaya ya spika kwa kawaida huwa na ukinzani wa omu 10,000 au zaidi kwenye tundu la kuingizia, na mbele ya mzigo mwepesi namna hiyo omu 120 si kitu. Tatizo liko kwenye ukuzaji. Kicheza CD hutoa takriban volti 2, na amplifaya nyingi za spika hufikia nguvu zake zote kwa volti 1 au 2. Kwa hiyo mara nyingi priampu haihitaji kukuza chochote. Ukiweka hapo amplifaya inayokuza mara 10, utalazimika kuacha kidhibiti sauti mwanzoni kabisa mwa mzunguko wake, mahali ambapo upande wa kushoto na wa kulia hutofautiana zaidi. Kibaya zaidi, kidhibiti hicho kwa kawaida huwa kabla ya vali, hivyo mngurumo na mchirizo unaozaliwa ndani ya vali haupunguzwi nacho hata kidogo. Hupita mzima mzima hadi kwenye amplifaya ya spika, nayo huukuza mara 20 au 30. Mngurumo usiousikia kwenye HD 600 unaweza kukusumbua sebuleni. Kabla ya kulipa, omba iunganishwe na spika, ziba muziki, kisha sogeza sikio.

Uliza pia kama kuchomeka hedifoni hunyamazisha spika, na kama kuna rilei, yaani swichi inayojiendesha kwa umeme, inayochelewesha sauti mpaka vali zipate moto. Niliwahi kuwasha amplifaya isiyo na rilei hiyo wakati amplifaya ya spika imekwisha kuwashwa; kikatoka kishindo kimoja, na spika yangu ya kushoto haikupona.

Jambo la saa za matumizi halizungumzwi vya kutosha. Hedifoni huvaliwa saa moja au mbili, lakini priampu huwaka tangu taarifa ya habari ya asubuhi. Kupasha moto 6AS7G moja pekee hutumia wati 16 hivi, na kila saa ya habari hupunguza uhai wa vali uliyoinunua kwa ajili ya muziki. Nyumba ambayo spika hazizimwi, ningeipatia swichi ya kuiruka amplifaya hii.

Wanaoagiza kutoka Marekani wasome kibandiko cha nyuma. Transfoma iliyoundwa kwa umeme wa mizunguko 60 kwa sekunde pekee huweza kuchemka kupita kiasi kwenye umeme wetu wa mizunguko 50, hata volti zikishushwa sawasawa.

Sasa nawasha hii iliyo mezani. Tusubiri dakika moja, ndipo niwashe amplifaya ya spika. Tukimaliza, ya spika itazimwa kwanza. Aliye na hedifoni ya omu 300 asogee mbele.