Maji Yabaki, Kina Kiondoke

Mabibi na mabwana, wazazi wenzangu, na nyinyi mafundi mliokaa nyuma karibu na mlango, nawashukuru kwa kunialika. Kwa kuwa wengi wenu mmeniuliza kwa nini mtu abomoe kidimbwi cha bustani alichokijenga kwa gharama, nitaanza na mtoto, ndipo nifike kwenye mawe na pampu.

Hapa Uganda, tukisikia habari ya kuzama, fikira zetu hukimbilia ziwani na kwenye mitumbwi. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani linawataja watoto wa mwaka 1 hadi 4 kuwa kundi lenye kiwango cha juu zaidi cha vifo vya kuzama, na mtoto wa umri huo hapandi mtumbwi peke yake, anatembea uani. Kichwa chake ni kizito ukilinganisha na kiwiliwili, hivyo akiinama kumtazama ngege majini hutangulia kichwa na hana nguvu za kujiinua. Maji ya sentimita chache yanayofunika pua na mdomo yanatosha, na mara nyingi hakuna kelele inayosikika jikoni.

Ua wa kuzungushia kidimbwi ni kitu kizuri, lakini hulinda ilimradi lango limefungwa, na mtunza bustani akilifungua asubuhi, kisha akaitwa kupokea jerikeni, ulinzi umekwisha. Wavu wa nailoni siupendi hata kidogo, kwa sababu mtoto akiuangukia hulegea naye mpaka majini na kumnasa vidole. Kukijaza kidimbwi chote udongo ni salama, ila mtapoteza mlio wa maji, ambao ndio hasa mliulipia.

Njia ninayoipendekeza ni kuyaficha maji. Yanakaa chini ya ardhi katika birika lililofunikwa kwa mawe, pampu inayapandisha hadi kwenye jiwe lililotobolewa au kijito kifupi, nayo yanarudi yakipenya kati ya kokoto. Juu hakuna maji yaliyotuama. Kuna mawe yaliyolowa tu.

Ugumu wote uko kwenye birika hilo lisiloonekana. Shimo la mita 1.5 kwa mita 1, lenye kina cha sentimita 60, hubeba lita 900 likiwa tupu. Likijazwa kokoto, maji hubaki na nafasi iliyo kati ya kokoto peke yake, ambayo ni kama asilimia 30 hadi 40, yaani lita 270 hadi 360. Nilipojenga la kwanza, kwenye mteremko wa Muyenga, sikuifanya hesabu hiyo. Maji mengi yalikuwa njiani juu ya mawe, mengine yakarukia nje, birika likakauka usiku, na asubuhi nikaikuta pampu imeungua, mwenye nyumba amesimama kando yake na kikombe cha chai, haniulizi kitu. Tangu siku hiyo nalijaza birika kwa kreti imara za plastiki zilizopinduliwa, ambazo ndani yake ni uwazi mtupu, na kokoto naziweka juu tu.

Pampu nayo ina hesabu yake. Maporomoko yanayopendeza huhitaji kama lita 150 kwa saa kwa kila sentimita ya upana, hivyo maporomoko ya sentimita 20 yanataka lita 3,000 kwa saa. Kiasi hicho kipimwe kwenye kimo ambacho maji yatapandishwa kweli, kwani namba kubwa iliyochapishwa kwenye boksi ni ya pampu isiyopandisha maji popote.

Kidimbwi cha zamani hamna haja ya kukifukua upya, sehemu yake ndiyo itakayokuwa birika. Hamisheni samaki kwa mfugaji au kwenye sufuria, lakini msiwaachie katika kinamasi kilicho karibu, wala msitupe humo gugumaji, hata kama maua yake ya zambarau yanawapendeza. Tope la chini lipelekeni kwenye migomba. Sehemu ya kidimbwi isiyohitajika ijazwe udongo kwa tabaka, kila tabaka lishindiliwe, na kama sakafu ni ya zege itobolewe kwanza ili maji ya mvua yasikwame chini. Kazi hii isianzwe Aprili au Oktoba bila kifuniko cha mbao tayari, kwa kuwa shimo lililoachwa wazi usiku mmoja wa mvua ni hatari kuliko kidimbwi chenyewe.

Juu ya birika huwekwa wavu wa chuma kilichopakwa zinki, wenye matundu yasiyozidi sentimita 5, ukiegemezwa kwenye nguzo za tofali, kisha mawe ya mto. Watu husahau tundu la kuifikia pampu. Tundu hilo ni kisima kidogo chenye kina kamili cha birika, kwa hiyo kifuniko chake kifungwe kwa kufuli, au kilaliwe na jiwe ambalo mtu mzima analiinua kwa mikono miwili. Waya wa umeme upite ndani ya bomba lililofukiwa, na saketi iwe na swichi inayokata mkondo ukivuja kwa miliamperi 30. Pampu iwashwe kila siku. Mkisafiri wiki moja au zaidi, nyonyeni maji yote, maana mbu huweza kukua kutoka yai hadi kuruka katika muda huo.

Kabla ya kumlipa fundi, mwambieni asimame katikati ya mawe na kurukaruka. Kisha mzime pampu, msubiri maji yote yashuke, mlete tochi na kuchungulia kati ya kokoto: usawa wa maji uwe chini ya wavu, na bomba la kumwaga ziada liwe limeelekezwa kwenye mtaro, ili hata baada ya mvua ya usiku kucha maji yasipande juu ya mawe.