Kurambaza krapi kwa jigi, kiangazi, maji ya kina

Karibuni, ndugu zangu. Leo tunavua krapi, samaki wa maziwa ya huku Marekani, kwa kurambaza: boti inakwenda taratibu, mishipi inaburutwa nyuma, na mwisho wa kila mshipi kuna jigi ndogo, yaani ndoano yenye kichwa kizito. Tuko Ziwa Barren River, Kentucky, chini ya saa moja kwa gari kutoka Bowling Green. Ni Julai, na maji ya juu yamefika nyuzi 29 za Selsiasi. Wengi mliohamia huku kutoka Kongo, Burundi na Tanzania mnasema krapi wanaisha mwezi wa sita. Hawaishi. Majira ya kuchipua walikuwa kando, kwenye maji mafupi, wanataga. Sasa wameingia kati, na ukibaki ufukweni na kibuyu chako cha kuelea hutawafikia hata ukae mpaka magharibi.

Kabla ya kushusha boti tumalize mambo ya serikali. Hapa Kentucky kila aliyefikisha miaka 16 anahitaji leseni ya kuvua. Boti yenye mota, hata iwe mota ndogo ya umeme, lazima isajiliwe. Kila mtu awe na jaketi okozi lake, na mtoto wa chini ya miaka 12 alivae muda wote boti inapotembea. Idadi ya samaki unaoruhusiwa, urefu wao na idadi ya fimbo hutofautiana jimbo kwa jimbo, pengine ziwa kwa ziwa, kwa hiyo soma kitabu cha mwaka huu cha idara ya wanyamapori ya jimbo lako. Usiulize jirani. Jirani anakumbuka sheria za mwaka alionunua boti.

Haya, tuko kwenye maji. Hatua ya kwanza ni kujua samaki wamekaa kina gani, na hapa ndipo nitachukua muda.

Tazameni skrini ya sonari, mashine inayotumia sauti kupima kina na kuonyesha samaki. Namba kubwa hii, 31, ni kina cha ziwa chini yetu, futi 31. Sasa naongeza usikivu wa mashine, pole pole. Mnaona ukungu mwembamba umejitokeza, umenyooka kutoka kushoto hadi kulia, kwenye futi 17? Huo si mchanga wala si samaki. Ni pale maji ya moto ya juu yanapokutana na maji ya baridi ya chini. Maji baridi ni mazito, ya moto ni mepesi, na upepo wa kiangazi hauna nguvu ya kuyachanganya. Kila kinachokufa huku juu kinazama na kuoza kule chini, na kuoza kunakula oksijeni. Ikifika Julai, chini ya mstari ule hewa imekwisha au imebaki kidogo mno.

Mliokulia Uvira, Bujumbura au Kigoma jambo hili si geni kwenu. Tanganyika ina kina cha mita 1,470 hivi, lakini hakuna anayeshusha wavu huko chini, kwa sababu ukipita mita 100 hivi upande wa kaskazini, au 200 hivi upande wa kusini, hakuna oksijeni ya kumtosha samaki. Tofauti ni kwamba Tanganyika iko hivyo miaka nenda rudi. Huku, vuli ikifika, maji ya juu yanapoa, yanakuwa mazito, yanashuka, na ziwa zima linachanganyika upya. Kwa hiyo haya ninayowaonyesha ni ya miezi ya joto tu.

Maana yake kwa mvuvi ni hii: maji yote yaliyo chini ya ule mstari wa futi 17, yafute akilini. Jigi ikipita huko inapita nyumba isiyo na watu. Sasa angalieni juu ya mstari. Wingu hili la nukta ni shadi, samaki wadogo ambao krapi wanawala. Na vijipinde hivi chini ya wingu, futi 13, futi 14, hao ndio tunaowataka. Macho ya krapi yamekaa juu ya kichwa, na anakula akipanda. Jigi ikipita futi moja au mbili juu yake atainuka aifuate. Ikipita chini yake haioni. Basi leo jigi zetu zitembee futi 12.

Kuna wanaonunua sonari mpya zinazomwonyesha samaki akiogelea mbele ya boti kama sinema, kwa bei ya gari lililotumika. Sizikatazi. Kwa kurambaza hii ya bei ya chini inatosha kabisa.

Wapi pa kuanzia? Ziwa hili lilitengenezwa. Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi la Marekani kilimaliza bwawa mwaka 1964, na mto wa zamani bado uko chini, na kingo zake. Fuateni kingo za vijito vilivyozama, mahali ambapo kina kinatoka futi 15 na kuporomoka hadi 25. Krapi wanapenda kuelea karibu na ukingo wa aina hiyo, hasa penye matawi yaliyozamishwa. Pita kando ya matawi, usipite katikati, utapoteza jigi zote.

Hatua ya pili, vifaa. Sogeza kamera hapa. Jigi ni ndoano yenye kichwa cha risasi, na nyuma unavalisha mkia wa plastiki laini. Nina saizi mbili: pakiti hii imeandikwa 1/16 ya wakia, karibu gramu 1.8, na hii 1/8, gramu 3.5. Angalieni navyovalisha mkia. Ncha ya ndoano inaingia katikati kabisa ya pua ya plastiki, inapita ndani ya mwili, inatokea mgongoni. Sasa uinue mbele ya macho. Umenyooka? Vizuri. Huu mwingine, mnaona umekunjamana hapa shingoni? Ukiuvuta majini utazunguka kama feni, na baada ya nusu saa uzi wako wote umejisokota. Utoe uvalishe upya. Ni sekunde kumi, na watu wengi hawazitumii.

Rangi: maji yakiwa safi anza na nyeupe au ya fedha, yakiwa na tope tumia njano-kijani kali au nyeusi yenye mkia wa njano. Fimbo nne, rangi nne, samaki watachagua wenyewe.

Uzi ni nailoni ya ratili 6, yaani unaohimili uzito huo kabla ya kukatika. Mtu ataniambia aweke ya 12 kwa usalama. Uzi mnene unasukumwa na maji, unainua jigi, na kina chote tulichohangaika kukitafuta kinapotea. Ndoano ziwe za waya mwembamba. Zikinasa kwenye gogo, unavuta taratibu, waya unanyooka, jigi inatoka, unaukunja tena kwa koleo.

Hatua ya tatu, kupanga. Fimbo ndefu, futi 12, zinatoka pembeni kulia na kushoto. Fupi, futi 7, zinaelekea nyuma kutoka kwenye tezi. Zote ziko kwenye vishikio. Boti iwe tayari inatembea kabla hujatupa chochote. Tupa zile za pembeni kwanza, kisha za nyuma, ili mishipi isipandane. Uzi wangu nimeupaka wino usiofutika kwenye futi 80 kutoka kwenye jigi. Alama ikifika kwenye ncha ya fimbo, nafunga rili, kile kigurudumu cha kuzungushia uzi.

Hatua ya nne ni mwendo, na hii ndiyo kazi yenyewe. Huku nyuma hatuna chubwi ya kuzamisha mshipi. Jigi inashuka kwa uzito wake mdogo na inainuliwa na mwendo wa boti. Ukienda haraka inapanda, ukipunguza inashuka. Anza na maili 1 kwa saa, ukisoma kwenye GPS, hata ya simu. Fanya kazi yako kati ya 0.8 na 1.2. Namba hizo zinaonekana ndogo, lakini kutoka 1.0 kwenda 0.8 jigi inaweza kutoka kwenye macho ya samaki na kuingia kwenye maji yasiyo na hewa.

Utajuaje iko futi 12? Usikisie, ipime. Tafuta uwanja wa chini ulio sawa, wa futi 12, usio na matawi. Pita juu yake kwa maili 1 kwa saa na futi 80 za uzi. Tazama ncha ya fimbo. Ikianza kudonoa, tik, tik, tik, jigi inagusa udongo. Ongeza mwendo kidogo kidogo. Kudonoa kukikoma tu, jigi iko juu kidogo ya futi 12. Andika kwenye kipande cha utepe, bandika juu ya fimbo: uzito, urefu wa uzi, mwendo. Isipogusa kabisa hata ukipunguza, vaa jigi ya 1/8. Fanya hivyo kwa kila fimbo mara moja, nawe utakuwa na jedwali lako mwenyewe, lenye maana kuliko la kwenye karatasi ya mtu mwingine, kwa sababu uzi wake si wako.

Upepo utakuharibia hesabu. Ukiwa nyuma yako unakusukuma, ukiwa mbele unakurudisha. Acha kuangalia namba ya mota, angalia GPS.

Sasa geuza usukani taratibu, uchore nyoka. Hapa kuna siri ninayoipenda kuliko zote. Boti ikikata kulia, fimbo za kulia zinapunguza mwendo, jigi zake zinashuka. Za kushoto zinaharakisha, zinapanda. Haya, ngoja... pale! Fimbo ya kulia imeinama. Aliyeuma ameuma wakati jigi inashuka. Wakiendelea kuuma upande wa ndani wa kona, punguza mwendo wa boti nzima. Wakiuma upande wa nje, ongeza. Ziwa linakujibu, wewe unasoma tu.

Usikurupuke kuipiga fimbo juu. Mdomo wa krapi ni ngozi nyembamba, ukivuta kwa nguvu unachanika na samaki anaondoka. Boti imeshamnasa. Wewe inua fimbo kutoka kwenye kishikio, zungusha rili bila kusita, na usilegeze uzi. Wala usisimamishe boti, maana ukisimama jigi za fimbo nyingine tatu zinaanguka chini na kunasa. Mwenzako ashike wavu wa mkono, auzamishe kabla samaki hajafika, umwongoze aingie kichwa kwanza. Na mara nyingine fimbo haiinami, inanyooka ghafla na uzi unalegea. Huyo ameikamata jigi akapanda nayo. Zungusha haraka mpaka umsikie.

Huyu ni krapi mweupe, mistari yake imesimama wima. Mweusi ana madoa yaliyotawanyika. Rekodi ya dunia ya mweupe ilivuliwa Ziwa Enid, Mississippi, Julai 1957, ratili 5 na wakia 3. Julai hiyohiyo mnayosema hakuna samaki.

Muda mzuri ni kuanzia saa kumi na moja na nusu alfajiri mpaka saa nne. Mawingu meusi yakianza kujikusanya mchana, kunja fimbo zote na urudi gatini. Fimbo hizi ndefu na radi havipatani.

Samaki unayemtaka aende kwenye barafu papo hapo, asikae kwenye ndoo ya maji ya moto. Unayetaka kumrudisha, mrudishe upesi. Lakini aliyetoka kwenye kina katika joto hili mara nyingi haponi, kwa hiyo ukishatosheka acha kuvua, usiendelee kwa ajili ya picha. Nyumbani toa magamba, mkate mistari mitatu ubavuni, chumvi, ndimu na tangawizi kidogo, umwache nusu saa kabla ya kumtia kwenye mafuta. Mafuta yawe yamechemka kweli, nyama yake ni laini na itavunjika ukimgeuza mapema.