Saba kwa gari moja: marafiki wa Dar wanapopanga kwenda Serengeti

Habari za jioni, ndugu zangu. Asanteni kwa kunialika. Mmeniomba nizungumzie safari za mbali za marafiki, nami nimechagua moja tuichambue mpaka mwisho: Dar es Salaam hadi Serengeti na kurudi, kwa barabara, siku sita, kwa watu wa mishahara ya kawaida. Ukiijua hii, nyingine zote utazipanga.

Nianze na idadi, maana hapo ndipo safari nyingi zinapovunjika kabla hata basi halijapigiwa simu. Land Cruiser ndefu ya utalii, ile ya paa la kufunguka, inabeba abiria saba pamoja na anayekaa mbele kando ya dereva. Mkiwa saba na mnajipikia, mmejaza gari moja. Mkitaka mpishi, naye anahitaji kiti, kwa hiyo nyinyi mnakuwa sita. Mkiwa wanane mmeingia kwenye magari mawili, na gharama inaruka karibu mara mbili kwa ajili ya mtu mmoja. Kwa hiyo msiseme "atakayependa aje". Semeni viti ni saba, na wa nane aandikwe kama mtu wa akiba.

Sasa hesabu. Tuchukue mfano kwamba gari na dereva ni shilingi 600,000 kwa siku, kwa siku nne. Hiyo ni 2,400,000. Kwa watu saba, kila mmoja anatoa kama 343,000. Wiki mbili kabla ya safari wawili wakijitoa, wale watano waliobaki wanatakiwa watoe 480,000 kila mmoja. Mwenye gari hajapandisha bei hata senti, lakini mtu aliyejibana miezi mitano anaambiwa aongeze 137,000 ndani ya siku kumi na nne. Urafiki unaharibikia hapo. Dawa yake ni kukubaliana siku ya kwanza kabisa, kwa maandishi, kwamba sehemu ya gari ukishailipa hairudishwi mpaka upate mtu wa kujaza kiti chako. Anayeona sharti hilo ni gumu, ni heri aseme mwezi wa kwanza kuliko mwezi wa mwisho.

Pesa zisikae kwenye simu ya mtu mmoja, hata kama ni mwaminifu kama malaika. Simu huibiwa, na shida za nyumbani haziishi. Tumieni akaunti ya kikundi, ya benki au ya simu kama M-Koba, ambayo pesa haitoki mpaka viongozi waidhinishe. Na tarehe ya mchango iwe siku tatu baada ya mshahara, si mwisho wa mwezi mwingine.

Msimu je? Wengi wanataka kuona nyumbu wakivuka mto Mara. Hilo ni la kaskazini kabisa, upande wa Kogatende, kati ya Julai na Oktoba. Kutoka Seronera, katikati ya hifadhi, ni saa nyingine tatu nne za barabara ya vumbi, na nyumbu hawana ratiba: mnaweza kukaa ukingoni siku mbili wakaja, wakanusa maji, wakageuka. Kwa siku sita kutoka Dar, mimi nasema bila kusita, nendeni Februari. Ndio mwezi nyumbu wanapozaa kwa wingi, kwenye tambarare za majani mafupi za Ndutu na kuelekea Naabi, lango la kuingilia Serengeti. Mnaanza kuwaona mkiwa bado njiani, na ndama anasimama kwa miguu yake dakika chache tu baada ya kuzaliwa, huku fisi wakizunguka. Safari isipitilize katikati ya Machi, kwa sababu masika yakianza udongo mweusi unameza magurudumu.

Kuhusu kukodi, fuateni mpangilio huu: gari kwanza, malazi yafuate, basi mwisho. Wengi hufanya kinyume kwa sababu tiketi ya basi ni rahisi kununua. Lakini basi la Arusha mtalipata wakati wowote pale stendi ya Magufuli, Mbezi. Gari zuri Februari hamtalipata wiki moja kabla. Tafuteni kampuni yenye leseni ya utalii, ile ya TALA, na mlipe kwenye akaunti yenye jina la kampuni, si jina la mtu. Kwenye mkataba yaandikwe haya: idadi ya siku, mafuta ni ya nani, chakula na malazi ya dereva ni ya nani, na spea tairi mbili. Nasisitiza mbili. Lami inaishia Loduare, lango la kuingilia Ngorongoro. Kutoka hapo mpaka Seronera ni mawe na mikunjo ya barabara inayotikisa gari mpaka nati zinalegea, na pancha ya pili haimsubiri mtu atengeneze ya kwanza.

Ada za hifadhi. Raia wa Afrika Mashariki, mtu mzima, Serengeti ni shilingi 10,000 kabla ya VAT, yaani 11,800 ukijumlisha. Ngorongoro ni hivyo hivyo. Viwango huweza kubadilika Julai, mwaka wa fedha unapoanza, kwa hiyo ulizeni upya kabla ya kulipa. Ili upate bei hiyo lazima uonyeshe kitambulisho cha NIDA au pasipoti. Picha ya kitambulisho kwenye simu isiwe ndiyo tegemeo lenu; beba chenyewe, maana ukihesabiwa mgeni wa nje, Serengeti Februari ni dola 70 kabla ya kodi. Getini hawapokei noti. Mnapewa kumbukumbu namba, mnalipa kwa benki au simu, na kwa kuwa mtandao hutetereka, malizeni malipo mkiwa Arusha.

Hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu hesabu za wengi zinakosea. Barabara ya Arusha kwenda Serengeti inapita katikati ya Ngorongoro. Hata kama hamshuki kreta, hata kama mnapita tu, mnalipa Ngorongoro. Kibali ni cha saa 24. Mkienda Jumanne na kurudi Alhamisi, kimekwisha, mnalipa tena. Kwa hiyo kila mtu aweke 23,600 ya kupita Ngorongoro mara mbili, na 23,600 ya Serengeti kwa siku mbili. Jumla 47,200. Gari lina ada yake kwa uzito, na kambi ina yake.

Saa 24 za Serengeti nazo zinahesabiwa tangu mlipoingia Naabi. Mkiingia Jumanne saa saba mchana na mmelipia siku mbili, Alhamisi saa saba mchana muwe mmeshatoka. Kutoka Seronera hadi Naabi ni kama saa moja na zaidi, lakini dereva akiona chui juu ya mgunga mtasimama nusu saa, tena lazima msimame! Ondokeni saa nne asubuhi. Mkichelewa mtalipia siku nyingine, na pia mtawania kufika Loduare kabla halijafungwa saa kumi na mbili jioni. Usiku huo laleni Karatu, msijilazimishe kufika Arusha.

Dada pale ameuliza kuhusu kambi. Kambi za umma za Seronera hazina uzio. Jiko na sehemu ya kulia ni mabanda yenye nondo au wavu, na chakula chote kinabaki humo au ndani ya gari, hata biskuti. Ukiweka chungwa ndani ya hema umemkaribisha fisi. Kuni haziokotwi, bebeni mtungi mdogo wa gesi. Maji ya bomba msiyategemee: wekeni lita tatu za kunywa kwa mtu kwa siku. Watu saba na dereva, siku tatu, ni lita 72, yaani madumu manne ya lita ishirini.

Mizigo iwe mabegi laini, kwa sababu sanduku gumu halipangiki nyuma ya viti. Kila kitu kifungwe dhidi ya vumbi, ila si kwa mifuko ya plastiki, imepigwa marufuku tangu 2019. Nguo nyeusi na za bluu ya kukoza ziacheni nyumbani, zinavuta mbung'o, na mbung'o anauma hadi kupitia jinzi. Na kwa nyinyi mliozoea joto la Dar: ukingo wa kreta uko juu ya mita 2,200, asubuhi ukungu unalowesha kioo. Sweta liwe kwenye begi la mkononi, lisiwe chini ya mizigo yote.